Nani alichora nyumba yetu? Kutoka Yenga ya Lubumbashi hadi ofisi ndogo za Goma

Goma – Ukipanda ngazi ya mbao iliyo kando ya duka la misumari na rangi, unafika kwenye vyumba viwili. Cha kwanza kina meza tatu, kompyuta mbili na kiti kimoja cha mgeni. Cha pili kimejaa karatasi zilizoviringishwa na kufungwa kwa mipira. Hiyo ndiyo ofisi yote. Watu wanne wanafanya kazi humo: mama mmoja msanifu majengo ambaye ndiye mwenye ofisi, vijana wawili wanaochora, na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mawe kwa miaka mingi. Kazi ya mzee sasa ni kwenda kwenye viwanja na kurudi kusema ukweli. Mtaa mzima unamuita yule mama "Injenieri". Zamani alikuwa akisahihisha, siku hizi anaitika tu.

Nilienda kule kwa ajili ya kipindi. Wasikilizaji wetu wengi, hasa jamaa zilizotoka kambini mwaka 2025, wamekuwa wakituma swali lile lile: tukirudi nyumbani tukakuta nyumba imebomolewa na mipaka imefutika, tuanzie wapi? Nilidhani nitapata jibu la dakika tano. Nilitoka na historia ya zaidi ya miaka mia moja. Mwenye ofisi aliniomba nisitaje jina lake wala la ofisi, maana nyakati si nzuri, nami nimeheshimu ombi hilo. Historia yenyewe si siri ya mtu.

Ukuta wenye ramani mbili

Nyuma ya meza ya Injenieri kuna ramani mbili za mji. Ya kwanza inaonyesha njia ambayo lava ya Nyiragongo ilipita tarehe 17 Januari 2002. Ya pili ni ya tarehe 22 Mei 2021. Mteja akiingia, kabla ya kuulizwa anataka vyumba vingapi, anaulizwa kiwanja kiko wapi, na kidole kinawekwa kwenye ramani. Wengine hawapendi. Wanaona kama wanaulizwa habari ya msiba siku ya arusi.

Mwaka 2024 kazi zilikuwa nyingi kidogo. Walichora shule ya msingi ya vyumba sita, yenye ukuta wa mawe hadi kimo cha madirisha na mbao juu yake. Walichora kituo cha afya chenye matangi ya kukusanya maji ya mvua. Walichora pia nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Birere aliyetaka ghorofa nne. Walibishana naye wiki tatu, akakubali mbili. Mzee alimwambia, "Papa, hapa chini pana pango. Ukiweka nne, utalala ndani yake." Hakuwa anatisha mtu bure. Lava ikipoa huwa inaacha mashimo ndani, na ukitaka kuyajua, unagonga jiwe kwa nyundo na kusikiliza sauti.

Kisha ikaja Januari 2025. Mji uliingia mikononi mwa M23, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Michoro mikubwa ilirudishwa kwenye chumba cha karatasi. "Mteja ana pesa, lakini pesa iko ndani ya benki na benki imefungwa," kijana mmoja aliniambia. Sasa wanaishi kwa kazi ndogo: kurekebisha paa lililotobolewa na vipande vya bomu, kugawa kiwanja cha urithi kati ya ndugu, na kuchora mipaka. Hiyo ya mwisho ndiyo imekuwa nyingi kuliko zote.

Nilipomuuliza Injenieri kwa nini watu wanakuja kuchorewa mpaka wakati hawana hata bati moja la kuezekea, alicheka kidogo. "Watu wetu wamechorewa na wengine tangu mwanzo," alisema. "Sasa wanataka kushika kalamu."

Kuelewa neno hilo, inabidi turudi nyuma na tushuke mpaka Katanga.

Mji uliopigwa rula

Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mahali pa kuyeyushia shaba, na reli kutoka kusini ilifika mwaka huo huo wa 1910. Wabelgiji walichora barabara zilizonyooka, zinazokatana kama kitambaa cha miraba. Upande mmoja waliweka Wazungu. Upande wa pili waliweka wafanyakazi weusi, katika kile kilichoitwa cité, na katikati wakaacha eneo tupu la mamia ya mita. Sababu waliyoitoa ilikuwa mbu: walisema mbu wa malaria hawezi kuruka umbali ule. Lakini boyi aliyepika chakula cha bwana wake alivuka eneo lile kila asubuhi na kila jioni, na mbu hakuulizwa.

Kamalondo, ambayo zamani iliitwa Cité Albert, ndiyo ilikuwa ng'ambo hiyo. Baadaye ikaongezeka Kenya, kisha Katuba na Ruashi. Ukitaka kujua maboyi wenyewe waliuonaje mji huo, yapo maandishi ya Kiswahili cha Katanga ya mwaka 1965, yaliyokusanywa na André Yav kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani wa zamani, yanayojulikana kama Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni historia ya mji iliyosimuliwa na watu wa jikoni, waliokuwa wakisikia kila kitu wakati wakuu wanakula.

Ninalotaka tulishike hapa ni hili: kwa miaka mingi, aliyechora nyumba ya Mkongomani hakuwa Mkongomani, na mwenye kulala ndani hakuulizwa mlango utazame wapi.

Ofisi iliyochukua neno letu

Baada ya vita vya pili vya dunia shaba iliuzwa sana na Élisabethville ikajaa pesa. Ndipo alipokuja msanifu mmoja Mbelgiji, Claude Strebelle, aliyezaliwa mwaka 1917. Pamoja na wenzake alianzisha ofisi ya usanifu, wakaipa jina la Yenga. Msomaji wa Kiswahili anajua mara moja: ni neno letu "jenga", kama linavyotamkwa kule Lubumbashi.

Ofisi ya Yenga ndiyo iliyochora jumba la michezo ya kuigiza la Élisabethville, lililomalizika mwaka 1956, na pia jengo la makumbusho ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Watu waliokaa Lubumbashi wanayajua majengo hayo hata kama hawajui nani aliyachora. Si masanduku yaliyopangwa kwa rula. Yana mistari inayopinda, na yametafuta kivuli na upepo badala ya kupigana na jua.

Lakini tusisahau yalijengwa kwa ajili ya nani. Jumba lile lilikusudiwa Wazungu wa mji, wapate mahali pa kwenda jioni. Miaka minne tu baada ya kumalizika, historia iliwapangia watazamaji wengine. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na bunge la Katanga likaketi ndani ya jumba hilo hilo la michezo. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Leo jengo linaitwa Bâtiment du 30 Juin, na wabunge wa jimbo ndio wanaokaa humo. Strebelle alirudi kwao Ubelgiji, akashughulikia eneo la Chuo Kikuu cha Liège kule Sart Tilman. Jina la Yenga lilibaki kwenye vitabu. Majengo yalibaki kwetu.

Nilimsimulia Injenieri habari hii nikidhani ni mpya kwake. Aliijua kuliko mimi. Aliniambia kuwa alipokuwa mwanafunzi, jambo lililomgusa ni lile jina. "Walichukua neno letu wakaliandika mlangoni, lakini sisi hatukuwa kwenye meza ya kuchora. Mimi nilitaka kukaa kwenye meza."

Meza yenyewe ilichelewa kufika. Shule ya juu ya ujenzi na kazi za umma kule Kinshasa, ile tunayoiita IBTP, ilianzishwa mwaka 1961, baada ya uhuru. Kabla ya hapo Mkongomani alifundishwa kuwa fundi mwashi, seremala au mchoraji msaidizi. Alijua kujenga, ila hakuruhusiwa kuamua.

Bagira na Katuba: njia mbili za kumpa mtu nyumba

Katika miaka ya 1950, serikali ya mkoloni iliona kuwa miji inajaa kuliko ilivyotarajia. Ndani ya ule mpango wake wa miaka kumi iliunda, mwaka 1952, ofisi ya makao ya Waafrika iliyoitwa Office des Cités Africaines. Ofisi hiyo ilijenga nyumba kwa maelfu katika miji mikubwa. Wasomaji wetu wa Bukavu wanazijua nyumba za wakati huo kule Bagira: matofali, ua mdogo, njia zilizopangwa, nyumba moja ikifanana na jirani yake. Zilikuwa imara, na nyingi zimesimama hadi leo kuliko nyumba za juzi. Lakini zilichorwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wachache. Shangazi aliyekuja kuuguzwa hakuwemo kwenye mchoro. Jiko la moshi na mahali pa kukaa wageni wa kilio havikuwemo. Kwa hiyo watu waliongeza vibanda nyuma, na wanaongeza mpaka sasa.

Wakati huo huo, kule Élisabethville, Katuba ilijengwa kwa njia nyingine. Mtawala mmoja Mbelgiji, Ferdinand Grévisse, alileta utaratibu ambao baadaye uliitwa kwa jina lake. Mtu alipewa kiwanja na mkopo, wataalamu wakamsaidia kwa michoro na ushauri, halafu nyumba aliijenga mwenyewe pamoja na mafundi wake. Haukuwa uhuru, maana mtawala alibaki mtawala, na deni lilikuwa deni. Lakini mwenye nyumba alikuwepo wakati msingi unachimbwa. Alijua kila tofali limekaa wapi.

Ninataja mambo haya mawili kwa sababu yamerudi mbele ya macho yetu. Tangu vita vilipoanza kuhamisha watu Kivu, misaada mingi imekuja kwa njia ya Bagira: hema au kibanda cha kipimo kimoja kwa wote, uwe mjane peke yako au jamaa ya watu tisa. Siwalaumu waliotoa, maana mvua haisubiri mchoro. Lakini wazee waliojenga Katuba wangetuuliza swali: kwa nini mwenye kulala ndani hajaulizwa?

Karatasi ya mwaka 1973

Kuna tarehe nyingine ambayo Injenieri anairudia kwa kila mteja: tarehe 20 Julai 1973. Siku hiyo Zaire ya Mobutu ilipata sheria ya ardhi, ambayo bado ndiyo msingi wetu. Inasema ardhi ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia, na ushahidi wa haki hiyo ni cheti cha kuandikishwa, ile certificat d'enregistrement.

Kwa watu wa mjini maana yake ni karatasi. Usipokuwa nayo, unakaa kwa hisani ya majirani na kwa kumbukumbu ya wazee. Kijijini wengi hawajawahi kuiona karatasi hiyo. Wanajua shamba linaanzia kwenye mti fulani na kuishia mtoni, na mkuu wa kijiji anajua pia. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi. Shida inakuja mti ukikatwa, mkuu wa kijiji akikimbia, na aliyekuja nyuma yako akisema hapa hapakuwa na mtu.

Goma, mji wa mbao juu ya jiwe

Goma ilikua haraka. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa mara tatu, Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka katika siku chache. Baada ya hapo vita vya kwetu wenyewe viliwaleta watu wa Masisi, Rutshuru na Walikale. Kila wimbi la watu lilihitaji pa kulala usiku ule ule.

Jibu la Goma lilikuwa mbao. Mgeni akifika anadhani ni umaskini tu. Umaskini upo, lakini ipo na akili. Chini yetu ni jiwe la volkano, huwezi kuchimba msingi kwa jembe. Ardhi inatetemeka mara kwa mara, na ukuta wa mbao ukiyumba unarudi, wakati ukuta wa tofali bila nondo unakuangukia. Nyumba ya mbao mafundi wawili wanaisimamisha kwa siku chache. Tena inahamishika. Mwenye kiwanja akikufukuza, unang'oa misumari, unapakia mbao na mabati, yaani manjanja yako, juu ya chukudu, unasogea mtaa wa pili. Nyumba yetu ina miguu.

Chini ya mbao tunaweka mawe ya lava yaliyopangwa na kushikwa kwa simenti, ili maji ya mvua yasile mbao. Lava ile ile iliyobomoa nyumba ndiyo inayobeba nyumba mpya. Vijana wanaipasua kwa nyundo na patasi kando ya barabara, wanaiuza kwa lundo. Mzee wa ofisini alifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Vidole vyake viwili havikunjiki tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa unatoka chini ya ardhi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu ya Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na watu wa vijiji vya kaskazini ya mji hawakupata nafasi ya kukimbia. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka tena kwenye mlima mpaka karibu na mji, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani Kivu. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ilifunikwa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua. Upande wa kaskazini wa njia ya ndege ulizikwa. Watu zaidi ya 100 000 walibaki bila nyumba.

Kamba ya baba yangu

Nyumba yetu ilikuwa mojawapo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulilala Gisenyi usiku mbili, siku ya tatu baba akasema turudi. Viatu vyangu vya plastiki vililainika kwa joto nilipokanyaga pembeni ya lava. Mahali pa nyumba palikuwa jiwe jeusi linalotoa moshi, na juu yake hapakuwa na kitu cha kukuonyesha kwamba pale palikuwa mlango na hapa palikuwa kitanda.

Baba alikuwa ameokoa karatasi ya kiwanja, aliifunga tumboni chini ya shati. Lava ilipoanza kupoa, watu wote wakaanza kujenga juu yake, na hapo ugomvi ukazaliwa, maana mipaka ilikuwa imezikwa pamoja na nyumba. Baba aliambiwa apeleke karatasi yake kwenye ofisi moja ya mji ili ithibitishwe. Aliiacha karatasi halisi. Akaambiwa arudi kesho, kisha Jumatatu, kisha mwezi ujao. Mwishoni aliambiwa faili haionekani. Hatukuipata tena. Jirani yetu, mtu tuliyekuwa tukila naye sikukuu, alikuwa tayari ameweka mawe yake mita nne ndani ya upande wetu, na sidhani kama alikuwa mwizi. Naye alikuwa anakisia tu kama sisi.

Baba na jirani waliacha kusalimiana. Mama alianza kuogopa kutuacha nje peke yetu. Aliyetuokoa ni kijana mmoja mchora mipango kutoka ofisi ndogo iliyokuwa na meza moja. Hakuanzia kwenye kiwanja chetu. Alitembea mpaka mahali lava ilipoishia, akatafuta kona ya ukuta uliobaki umesimama tangu zamani, akaanzia hapo kupima kwa kamba: upana wa barabara, kiwanja cha kwanza, cha pili, mpaka chetu. Mimi nilishika ncha ya kamba. Alichora kila kitu kwenye karatasi moja. Aliwaita wazee watano wa mtaa, wakaitazama, wakabishana, wakasahihisha sehemu mbili, wakatia sahihi. Jirani naye alitia sahihi. Mita mbili na nusu zikarudi kwetu, moja na nusu zikabaki kwake. Jioni ile walikunywa pamoja.

Mchoro ule hauna muhuri wa serikali. Lakini umetulinda miaka zaidi ya ishirini, na nyumba ya mbao ya wazazi wangu imesimama juu yake.

Kambi, mazuku na kurudi

Mwaka 2021 lava ilishuka tena jioni ya Jumamosi. Safari hii ilisimama upande wa Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege, lakini watu zaidi ya 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliteketea. Siku tano baadaye tuliamriwa kuhama mji, barabara ya Sake ikajaa magodoro. Ni mwaka huo huo M23 ilirudi kupigana, na kidogo kidogo kambi zikazunguka Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyingine.

Hapo ndipo nilijifunza kwa mzee kitu ambacho kila jamaa ingepaswa kuambiwa. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga na Sake, kuna mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini. Ni gesi nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na inatulia mahali palipoinama kama maji kwenye bakuli. Alfajiri kusipokuwa na upepo, inaua mbuzi, na imeua watoto. Ofisi inapochora huko, haichori chumba cha chini wala haiweki sakafu ndani ya shimo. Sakafu inainuliwa juu ya mawe, na matundu ya hewa yanawekwa chini ya ukuta, si juu tu. Watu waliopewa hema bondeni hawakuambiwa hivyo na mtu yeyote. Waliwekwa palipokuwa na nafasi.

Februari 2025 kambi nyingi zilivunjwa kwa amri ndani ya siku chache, na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengine walikuta nyumba bila paa. Wengine walikuta watu ndani. Wengine hawajafika mpaka leo, wanakaa kwa ndugu hapa mjini, chumba kimoja watu kumi na wawili.

Mambo matano ya kuandika leo

Nilimuomba Injenieri aniambie, kwa niaba yenu, mtu asiye na pesa ya mchora mipango afanye nini. Alinipa mambo matano, nayaweka hapa kama alivyoyasema.

Kwanza, chora nyumba na kiwanja chako wewe mwenyewe, hata kwa kalamu ya mtoto, ukiwa bado unakumbuka. Usione haya kwa mistari kupinda.

Pili, andika majina ya majirani wa pande zote nne, na majina ya baba zao ikiwezekana.

Tatu, tafuta kitu kisichohama: jabali kubwa, chemchemi, ukuta wa kanisa, daraja. Andika ni hatua ngapi kutoka hapo hadi kona ya kiwanja. Mti hautoshi, maana miti inachomwa makaa.

Nne, waonyeshe wazee na majirani mnaokaa nao hapa ugenini, watie sahihi na tarehe. Kijiji kikihama, ushahidi wake unahama nacho, na wazee wanakufa.

Tano, karatasi halisi usiiache ofisini kwa mtu. Peleka nakala. Piga picha kwa simu, watumie watu wawili wanaokaa mahali tofauti.

Alisisitiza kwamba mchoro huu hauchukui nafasi ya cheti cha Serikali. Lakini siku mtakapokaa chini ya mti na aliyeingia kwenye shamba lenu, mwenye karatasi yenye sahihi tano ataongea mbele ya mwenye sauti kubwa.

Nilikuwa nafunga kinasa sauti changu mama mmoja alipopanda ngazi, na mtoto mgongoni. Ametoka upande wa Masisi, amehama mara tatu. Hakuwa na karatasi yoyote. Kijana mmoja alimvutia kiti kile cha mgeni, akatandika karatasi nyeupe mezani.

"Mama, barabara iko wapi?"

"Hapa chini. Ukitoka sokoni, iko mkono wa kuume."

"Na mlango?"

Akaeleza mlango, jiko la nje, mparachichi, kaburi la mkwe wake, kijito kilicho nyuma. Kijana alichora polepole. Ilipofika kwenye ua wa mbuzi mama aliinama juu ya meza, akamshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Si huko. Leta kalamu nikuonyeshe."

Akapewa kalamu.